Ombi la Kurudisha Redio, na Sifa za Jogoo wa Bibi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maafa ya Mji,

YAH: KUOMBA KUPOKONYWA REDIO YA UPEPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nianze kwa kueleza kwamba barua hii naiandika kiofisi. Sijasahau kwamba wewe ni mjomba wangu na kwamba umenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, lakini leo nauomba mgongo huo ukae pembeni kidogo, niseme na Mwenyekiti. Kwa kuwa uko ng'ambo ya mto kwenye semina ya kujiandaa na maafa, tarishi atakuletea barua hii kwa baiskeli mara mvua itakapopungua.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Uteuzi wangu haukuwa halali. Siku ya kikao nilikuwa pembeni naandika muhtasari. Ukasema, "Tunahitaji kijana makini wa kukaa na redio pale masijala." Mimi, kwa umakini, nikaandika: "Kijana makini amepatikana." Nilipoinua kichwa nikakuta wajumbe wote wananitazama. Muhtasari ukathibitishwa, na karani hawezi kukana mwandiko wake mwenyewe.

Sikatai kwamba nilisoma. Mtihani wa leseni ya redio hizi za kuitana hewani niliufaulu vizuri kupita kiasi, na huenda hapo ndipo nilipojiponza. Najua masafa yetu, najua kutunza betri, najua kwamba anayetaka kuongea hubonyeza kitufe na wengine wote husubiri mpaka akiachie. Ninachoshindwa ni kukibonyeza na kusema. Mjini hapa nimezoea kuongea na mafaili, na faili halijibu. Kila Jumamosi kinyozi, anayeita mahudhurio hewani, akilitaja kituo cha masijala mimi hubonyeza, nabaki napumua. Kinyozi husema, "Haya, Pumzi yupo. Anayefuata!" Sasa mji mzima unaniita Pumzi. Mama amenitumia dawa ya kifua.

2. Salamu. Mafunzo yalitufundisha kwamba kwenye dharura unasema unamwita nani, wewe ni nani, shida ni nini, basi. Aliyetoa mafunzo hayo hamjui Bibi, mama yako mzazi, ambaye kwa kuwa anaishi peke yake ng'ambo na kuku wake, Kamati ilimpa redio. Katika zoezi la moto, kinyozi aliita, "Bibi, Bibi, hapa kinyozi, duka langu linaungua, ova." Bibi akamjibu, "Mtoto wa nani wewe, unanirukia na moto hata hujaniuliza nimeamkaje?"

Kinyozi akaomba radhi, akaamkia. Bibi akaitikia, akauliza habari za mke, za watoto mmoja baada ya mwingine, na za mkwewe aliyevunjika mguu. Msimamizi wa zoezi akatazama saa yake, akatangaza kwamba kwa mujibu wa mpango duka limekwisha kuwa majivu. Bibi akampa kinyozi pole. Alilia kidogo, Mheshimiwa. Tulishindwa kumweleza kwamba duka lipo.

3. Kitufe. Bibi hukishika kitufe kama mtu anayemshika kuku sokoni: akikikamata hakiachii. Humaliza kuongea nasi akaendelea na shughuli zake, na sisi wote tunafungiwa nje ya hewa, tunasikiliza. Tumemsikia akigombana na sufuria. Tumemsikia akimsimulia jogoo wake habari za utoto wako, na kwa heshima ya ofisi sitarudia hapa kwamba ulikojoa kitandani mpaka darasa la nne.

Jumamosi moja jogoo huyo aliwika wakati kinyozi akiita mahudhurio. Kinyozi akajibu, "Nimekupata safi kabisa, rudia jina lako." Jogoo akarudia. Namweka hapa kwa sababu nitamrejea mbele.

4. Antena, na mahali nilipowekwa. Tunao mtambo mlimani unaopokea sauti zetu na kuzirusha mbali, na ukiwa na umeme tunasikiana sote. Umeme ukikatika mtambo nao hulala, na hapo sauti ya Bibi hufika dirisha moja tu mjini: dirisha la masijala, ghorofani, linalotazama mto. Seremala, naye ana redio, anaishi upande uleule wa Bibi, lakini kilima kiko katikati yao, hawasikiani. Mimi huku nawasikia wote wawili. Maana yake siku hiyo ikifika, neno la Bibi halina njia isipokuwa kinywani mwangu. Mheshimiwa, umechukua roho ya mama yako ukaiweka katika koo la mtu anayeogopa kuagiza chai.

Zaidi ya hayo, ili nisikike vizuri sharti nipande juu ya kabati la mafaili, niinue redio kwa mkono mmoja. Wananchi wanaokuja kufuata hati zao wananikuta hivyo. Afisa ardhi aliniuliza, "Umesalimu amri kwa nani?" Seremala alinionea huruma, akakata futi yake ya chuma akanitengenezea antena, nayo inafanya kazi vizuri mno. Ila tangu hapo anapima kwa macho. Meza aliyotuletea mwezi huu ina miguu minne yenye maoni manne, na ya pili ameibakiza kwake akisema anaitafakari.

5. Maafa yenyewe. Hili ndilo kubwa. Nimepitia waraka wote wa Kamati sijaona popote panaposema maafa yafuate utaratibu. Mwananchi wa kawaida akitaka huduma huandika barua, huambatisha picha, husubiri. Mafuriko ni nani hata yaingie bila hodi? Napendekeza maafa yote yawasilishwe masijala kwa maandishi, saa za kazi, yakieleza kwa ufupi yanataka nini na yatafika lini, ili karani apate muda wa kufanya mazoezi ya kusema mbele ya kioo. Yasije siku za radi, kwa kuwa naogopa radi. Yasije mawili kwa pamoja, kwa kuwa kabati ni moja. Na janga lolote litakalokuja bila kufuata taratibu hizi lisitambuliwe na ofisi hii, na lisipotambuliwa litakuwa halijatokea, na kama halijatokea hakuna haja ya redio.

Kwa hoja hizo naomba nipokonywe redio hii, nayo akabidhiwe jogoo wa Bibi. Sifa zake ziko wazi. Ana sauti inayofika. Hapotezi muda kwa salamu. Yuko macho kabla ya watumishi wote wa mji huu. Ana uzoefu wa hewani kuliko mimi, na tofauti na mimi, hajawahi kuitwa akashindwa kujibu. Mimi nitabaki na mafaili yangu, nitamwandikia muhtasari.

Nasitisha hapa kwa unyenyekevu wote, na kwa kuwa mambo ya ofisi yameisha, sasa nakuamkia, Mjomba: shikamoo. Nisalimie mkaza mjomba na watoto, wasalimie wanasemina wenzako, na ukimpitia Bibi mwambie mjukuu wake anampenda, ila kwa barua.

Wako mtiifu,
Karani wa Masijala

Baada ya sahihi: Barua hii nilikuwa nimeshaipa namba ya kumbukumbu na kumkabidhi tarishi. Alirudi amelowa chapachapa, baiskeli begani. Daraja halipo. Umeme ukakatika, simu zikafa. Nikapanda kabatini, si kwa ushujaa, bali radi ilipiga na mahali pengine pa kukimbilia sikupaona.

Redio ikaita. Ilikuwa sauti ya Bibi: "Mjukuu, maji yako mlangoni."

Mheshimiwa, hakusema kitu kingine. Hakuuliza nimeshindaje, hakumtaja mama, hakuuliza kifua. Bibi aliyeliacha duka la watu liungue mpaka asalimiwe, hakunisalimu. Hapo nikajua.

Sikumbuki kukibonyeza kitufe. Nilisikia tu mtu akisema, "Seremala, Seremala, hapa Pumzi. Maji yameingia kwa Bibi. Nenda sasa hivi. Ova," na mtu huyo alikuwa na sauti yangu. Seremala akajibu, "Natoka." Kinyozi akaingilia kutoka dukani kwake, "Nani huyo?" na muuguzi mstaafu, jirani yake, akampokonya redio akamkemea hewani, "Nyamaza wewe kinyozi, mwache mtoto aongee!" Nikaongea. Nilimwambia Bibi nani anakuja, nikamwambia seremala Bibi yuko mlango wa nyuma, nikamwambia Bibi aache sufuria, nikamwambia tena aache sufuria.

Sasa Bibi yuko salama shuleni, kilimani. Kuku wamefika wakiwa juu ya ile meza ya pili, iliyopinduliwa miguu juu. Imeelea vizuri sana; naona kutafakari kumeisaidia.

Kisha wewe ukaingia hewani kwa redio ya gari lako, ukauliza kama masijala ina jambo lingine. Nami nilikuwa na barua yenye namba, na barua yenye namba lazima imfikie mwandikiwa. Ndiyo maana nilikusomea yote, kuanzia kichwa cha habari. Samahani kuhusu namba 3. Sikujua wanasemina wako nawe garini, na nilipogundua nilikuwa nimeshafika darasa la nne.

Kwa hiyo nakala hii ni ya faili tu. Tafadhali futa malalamiko yote, la kwanza hadi la tano, na mwambie jogoo kwamba nafasi imejazwa. Naomba betri ya akiba na, kama fungu lipo, ngazi ya kupandia kabati.

Jambo la mwisho. Bibi alipoketi na kujifuta, aliita tena. "Pumzi wewe, umeniamrisha kutwa nzima kama askari, shikamoo yangu iko wapi?" Nikabonyeza, nikaamkia. Akasema, "Marahaba, mwanangu," akasahau kuachia kitufe. Nilikaa juu ya kabati, mkono hewani, nikawasikiliza kuku wote mpaka betri ikaisha.