Saa ya Mshauri

Jumatatu, 3 Machi

Mwenzangu,

Binti yetu ameniwekea sharti. Nimwone mshauri nasaha mara sita, au nihamie kwake na nyumba yetu ipangishwe. Kosa langu: alinikuta jikoni nikibishana na wewe kuhusu chumvi. Nikajitetea kwamba kila mtu hubishana na mkewe. Akasema, Baba, ni miezi saba sasa tangu tumzike Mama. Kilichomtisha zaidi, anasema, ni kwamba nilikuwa nashindwa.

Sihami. Kwake kuna vyumba vinne na hakuna hata kimoja ulichowahi kukifagia.

Nimepiga hesabu. Vikao sita, dakika hamsini kila kimoja. Mimi ni fundi saa, mwaka wa thelathini na tano huu. Kama kuna mtu wa kuzipunguza dakika hizo, ni mimi.

Jumanne, 4 Machi

Kikao cha kwanza. Kwanza fomu: umri, dawa ninazotumia, usingizi, nani aitwe nikizidiwa. Hapo pa mwisho nikaandika jina lako kwa mazoea. Nikafuta. Karatasi ikatoboka.

Mshauri ni mdogo kuliko binti yetu. Alieleza kwamba nitakayosema hayatoki nje ya chumba, labda maisha ya mtu yawe hatarini. Nikauliza kama binti yangu anahesabika kuwa nje. Akasema ndiyo. Nikampenda kidogo.

Akauliza kilichonileta. Nikasema gari la binti yangu. Akasubiri. Nami nikasubiri. Nilikuwa nimejiandaa kama kwa daktari: nalala vizuri, nakula vizuri, nashukuru. Hakuuliza hata moja kati ya hayo. Maandalizi ya usiku mzima, bure.

Kwenye kijimeza kuna boksi la tishu na saa. Saa inachelewa dakika nne. Nikajitolea kuitengeneza bila malipo. Akasema, asante baba, lakini aliyekuja hapa ni wewe, siyo saa. Akaandika kitu kwenye daftari. Nadhani kilinihusu.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha pili. Mshauri alitoka mara moja kuzungumza na dada wa mapokezi. Sekunde nane zilinitosha. Nikaisogeza saa mbele dakika ishirini. Simu yake hukaa kwenye droo, imezimwa, na mkononi havai saa. Kazi safi.

Kisha akaharibu kila kitu. Akauliza ni kitu gani nyumbani sijakigusa tangu ulipoondoka. Sikuwa na jibu la kutunga, nikasema kweli. Sabuni. Nikamweleza ulivyokuwa ukibandika kile kipande kilichokwisha juu ya sabuni mpya, ukikikandamiza kwa kidole gumba mpaka vishikane. Nikasema ile ya mwisho bado iko bafuni, ina alama ya kidole chako, na mimi huogea...

Hapo akaitazama saa. Akasema kwa upole kwamba muda wetu umekwisha, Jumanne tutaendelea palepale.

Nikajikuta kwenye korido na nusu ya sentensi mdomoni. Anayeingia baada yangu ni mzee mwenye kofia ya sufu asiyeivua hata kwenye joto. Namwita Bwana Kofia. Akanitazama na kusema, “Umemaliza mapema, mwenzetu. Raha kuwa na matatizo madogo.” Nilitamani kuikalia kofia yake.

Jumanne, 11 Machi

Kikao cha tatu. Nikaomba maji ya kunywa. Alipoyafuata, nikairudisha saa nyuma. Nusu saa.

Nikaongea. Nilimaliza habari ya sabuni, nikaingia kwenye ngazi, jinsi ulivyokuwa ukizihesabu kwa sauti kila tulipopanda, kana kwamba kuna mwizi wa ngazi. Nilitumia tishu nne. Nilidhani kulia kungeniumiza. Ni kama kuvua viatu vinavyobana.

Mlango ukagongwa kwa fimbo. Bwana Kofia. Akasema amekaa nje mpaka makalio yamekufa ganzi, na kama nimehamia humu basi niletewe godoro. Mshauri akaitazama saa. Akatoa simu kwenye droo, akaiwasha. Akanitazama mimi. Alhamisi alidhani saa ni mbovu akaiweka sawa, alisema, na leo imerudi nyuma. Je, baba, ulikuwa unahitaji nini?

Nikasema huenda ni betri.

Akasubiri, kule kusubiri kwake. Nikakiri yote. Nikamsihi asimwambie binti yangu, nisije nikahamishwa. Akasema yanayosemwa pale hayatoki, alishaniambia. Na nikitaka muda zaidi, niseme tu. Hakuna cha kuiba.

Niseme tu. Nimeyaandika hayo kwenye kiganja.

Jumatano, 12 Machi

Binti yetu kapita asubuhi. Anasema uso wangu umerudi. Nibaki nyumbani kwetu, sharti limekwisha, na nikitaka naweza kuacha vikao.

Hapo ndipo nilipoogopa. Niache? Katika kusimulia ndiyo kwanza nimefika mwaka wa pili wa ndoa yetu. Bado thelathini na moja.

Nikampigia mshauri nimwombe muda zaidi. Alipopokea, nikamuuliza kama tishu bado zipo. Akasema zipo. Nikakata.

Mchana Bwana Kofia kaingia karakana. Hakujua ni yangu. Saa yake ya mkononi imesimama. Akaomba radhi kwa maneno ya godoro, nami nikaomba radhi kwa kumkalisha nje. Nikamwekea betri mpya, sikuchukua hata senti. Akanishika mkono na kusema mimi ni mtu mwema.

Saa yake inatembea vizuri kabisa. Inachelewa dakika ishirini na tano tu. Kesho atafika ameshachelewa, na dakika hizo ni zetu, mimi na wewe.

Nitarudi nyuma hadi siku uliponikataa mara ya kwanza. Kikao kikianza, saa nne kamili, nitakuwa nakutaja.

Nawe unikumbuke.