Siku Mia Bila Jeraha

Mie darasa la saba nilimaliza wa kwanza kwa wasichana wote wa shule yetu. Tulikuwa wawili, na mwenzangu siku ya mtihani alikuwa na surua. Lakini cheti ni cheti, na ndiyo maana nikikutana na tangazo la ofisi siliachi mpaka nimelielewa, hata kama aliyeliandika hakulielewa.

Tangazo ninalolisema lilibandikwa kwenye geti la ghala moja la Temeke, na lilianza hivi, kwa herufi kubwa: KUANZIA SASA PALETI NI MWENZETU. Chini yake umma ukatangaziwa kwamba ghala limeunda rasmi Kitengo cha Ustawi na Ulinzi wa Paleti pamoja na Washika Paleti, na kwamba zama za kuumizana zimefika tamati.

Paleti, kwa msiozijua, ni yale machaga ya mbao yanayowekwa chini ya mifuko ya saruji isiguse sakafu. Washika Paleti ni makuli. Jumatatu walilala makuli, Jumanne wakaamka Washika Paleti, na ndala zao ni zilezile.

Mkuu wa Kitengo alikuwa Valerian, aliyekuwa karani wa getini mpaka alipopelekwa semina ya siku mbili hotelini, akarudi na begi lenye nembo na neno mkakati. Valerian alikuwa mtu wa haki. Aliona kwamba kuli ana mdomo, kwa hiyo Mungu mwenyewe ameshamlinda. Paleti haina mdomo, na asiye na mdomo ndiye anayehitaji ofisa. Basi akaiandikia kanuni. Paleti isitupwe. Paleti isikaliwe wakati wa kula. Paleti ikibeba mara tatu ipumzishwe kivulini dakika ishirini, na Mshika Paleti asimame pembeni yake, juani, mtu asije akaisumbua. Ya mwisho aliipigia mstari: atakayeburuta paleti, hata kipande, aondoke kazini siku hiyohiyo.

Washika Paleti nao hawakusahauliwa. Vililetwa viatu pea kumi na mbili, buti zenye chuma puani. Valerian akazikagua moja moja, akaridhika nazo sana, akazifungia kabatini. Romani, kuli mwenye mwandiko mzuri na ulimi usiotulia, akauliza watazivaa lini.

"Hivi ni viatu vya usalama, Romani," Valerian akamwambia kwa upole. "Mkivivaa vitachakaa. Halafu usalama tutautoa wapi?"

Makuli wakatafakari. Kisha wakarudi kubeba na ndala zao.

Juu ya mlango wa ghala ulitundikwa ubao mweusi ulioandikwa SIKU kadhaa BILA JERAHA, na kila asubuhi Romani alipanda juu ya pipa akaongeza siku moja kwa chaki. Ubao huo haukuwa pambo. Bi Jokha, binti wa mwenye mali, alikuwa ametamka kwamba ghala likifika siku mia, ofisa wake atahamishiwa makao makuu, ghorofani, kwenye chumba chenye kiyoyozi na kiti kinachozunguka. Valerian alikiota kile kiti. Nyumbani kwake Chanika alikuwa akikaa kwenye stuli akijizungusha kwa miguu, ili siku ikifika asije akapata kizunguzungu.

Na siku zilikwenda vizuri, kwa sababu Kitengo kilikuwa kimeshaamua jeraha ni nini. Jeraha ni lile lililojazwa kwenye Fomu ya Jeraha, na fomu zilikuwa kabatini, chini ya buti. Kilichobaki kilikuwa na majina yake. Mchubuko uliitwa alama. Uvimbe uliitwa uzoefu. Siku ya arobaini Romani alipobanwa kidole mpaka ukucha ukatoka, Valerian aliandika kwenye daftari: Mshika Paleti amekata kucha.

Siku ya tisini na saba likamkuta Albano.

Albano alikuwa mtu wa Newala, mzee wa kazi, ameanza kubeba mizigo Valerian hajaota meno. Asubuhi hiyo paleti moja kuukuu ilimmegukia mikononi, kipande kikaanguka msumari juu, naye akakikanyaga. Ndala na msumari, mnajua nani hushinda. Wenzake wakafanya kama makuli wanavyofanyaga tangu zamani: wakauchomoa, wakamkalisha, Romani akavua ndala akampiga nayo kwenye unyayo, pa, pa, pa, mpaka damu mbaya ikatoka yote, kisha wakammiminia mafuta ya taa. Ila Albano alijua kwamba ndala haiiwezi pepopunda. Pepopunda ilimchukua kaka yake. Alitaka sindano, na zahanati inayotibu watu wa ghala haimpokei mtu bila fomu iliyosainiwa.

Akaruka na mguu mmoja mpaka ofisini. Valerian akasimama, kama mtoto aliyelelewa.

"Shikamoo, mzee Albano."

"Marahaba, baba. Nimechomwa na msumari. Naomba fomu."

"Hujachomwa, mzee."

Albano akautazama mguu wake. Akamtazama Valerian. Akautazama tena mguu, asije akawa ameubebesha lawama bure.

Valerian hakuwa mtu wa kuamua kwa pupa. Akaunda Kamati. Mwenyekiti yeye, katibu yeye, mjumbe Romani, kwa sababu alihitajika mtu wa kushika futi. Kamati ikaenda eneo la tukio, ikaipa pole paleti, ikaipima ufa wake kwa urefu na upana, ikarudi na matokeo. Msumari, toka paleti ilipotengenezwa, haukuwahi kuondoka kwenye kituo chake cha kazi. Mguu ndio ulioufuata. Kwa haki kabisa Albano alipaswa kufukuzwa kwa uharibifu, lakini Valerian aliukumbuka umri wake akamwandikia barua, akaigonga muhuri, akaiita Cheti cha Kutoumia. Ilisema: Mtajwa hapo juu hajaumia, wala hatarajii kuumia kabla ya Ijumaa.

"Na mguu ukioza, baba?" Albano akauliza.

"Ukioza baada ya siku ya mia, mzee, fomu yako nitaijaza kwa mkono wangu."

Albano akakunja cheti, akakitia kwenye mfuko wa nailoni, akakiweka kifuani. Kesho yake mguu ulikuwa umejaa kama papai. Alikuja kazini vivyo hivyo kutoka Kiwalani, maana kuli asiyeonekana hufutwa jina, na wenzake wakamkalisha chini awe anahesabu mifuko.

Ijumaa ikafika, na ubao ukasomeka 100. Valerian aliamka alfajiri, akavaa viatu vipya vyenye soli nyembamba kama kaki ya biskuti. Albano akafichwa nyuma ya rundo la saruji, akapewa soda baridi, akaagizwa asigune. Jukwaa likapangwa kwa paleti, na mbele kabisa, pale atakaposimama msemaji, Valerian akaamuru iwekwe ileile iliyomegukia mikononi mwa Albano, na kile kipande chake kirudishwe mahali pake, ili majeruhi wetu naye apate heshima mbele ya mgeni. Romani akaomba nyundo aigonge ile misumari ilale. Valerian alishangaa mtu mzima anavyoweza kuomba ruhusa ya kumpiga mwenzake.

Bi Jokha alifika saa nne, na gari lake likaegeshwa mlangoni. Mwanamke wa maneno machache, miwani mikubwa. Valerian akapanda jukwaani.

"Siku mia, Bi Jokha," alisema. "Siku mia, na hapa kwetu hakuna aliyesema ah. Kwa sababu sisi tunasimama imara juu ya usalama."

Hapo kwenye usalama akakita mguu.

Akasema ah.

Ilikuwa ah ndogo, ya kiofisa, lakini sauti ya msumari ukiingia mahali usipotakiwa Albano aliijua miaka thelathini. Akasahau soda, akasahau agizo. Akatoka nyuma ya saruji akiruka na mguu mmoja, ndala mkononi, anasema mkalisheni, mkalisheni upesi damu mbaya isipande.

Valerian akarudi nyuma. Kipande cha paleti nacho kikarudi naye, kimegandamana na soli.

Bi Jokha hakukitazama kwanza. Alitazama kile kitambaa kilichofungwa kwenye mguu wa Albano, na rangi ya vidole vilivyotokeza.

"Mzee, mguu umekuwaje?"

Albano akamwangalia ofisa wake. Kisha akatoa mfuko wa nailoni kifuani.

"Mie sijaumia, mama," alisema. "Nimeandikiwa."

Bi Jokha akakisoma cheti mara mbili. Mara ya pili alisoma kwa sauti, na alipofika kwenye wala hatarajii kuumia, Romani akageuka akaitazama saruji. Bi Jokha akakikunja cheti, akakitia mkobani mwake. Akamwita dereva, akasema mzee apelekwe hospitali sasa hivi, sindano kwanza na fomu baadaye. Makuli wakambeba Albano kama walivyofundishwa kubeba paleti: hawakumburuta, hawakumtupa, wakamweka taratibu kwenye kiti cha nyuma.

"Imebaki nafasi moja, Valerian," Bi Jokha akasema. "Ni ya aliyeumia."

Valerian akautazama ubao juu ya mlango. Ile 100 ilikuwa nzuri, Romani alikuwa ameipamba kwa maua ya chaki. Akakiona na kile kiti, kinazunguka taratibu, kinamngoja.

"Mie niko salama, Bi Jokha."

"Alhamdulillahi. Basi nitembeze ghala."

Gari likaondoka. Valerian akatangulia kuonyesha njia, anatabasamu, jasho linamtiririka. Ko, mguu ukapiga sementi. Ko. Nyuma yake ukabaki mstari mwembamba mwekundu. Walipofika kwenye nakala ya kanuni iliyobandikwa ukutani Bi Jokha akasimama, akapandisha miwani, akasoma mpaka ile ya mwisho iliyopigiwa mstari. Kisha akainama akatazama chini.

"Kama hujaumia," akauliza, "mbona unaburuta paleti?"

Valerian akauficha mguu nyuma ya mwenzake.

"Siiburuti, Bi Jokha," Valerian akasema. "Imenizoea tu."

Romani, bila kutumwa na mtu, akalowesha kitambaa, akapanda juu ya pipa, akaanza kufuta ubao.