Walzi ya Wauza Nyama

Mjini Vienna, ukivaa koti la manyoya, wenye magari ya farasi wanakuita Baroni hata kama jana umelala na njaa. Poldi Zwickl, aliyeingia kutoka Linz wakati wa mavuno ya zabibu, aliligundua hilo siku ya kwanza, na tangu hapo hakutafuta kazi nyingine. Koti ndilo lililokuwa duka lake, cheti chake na ukoo wake mzima. Wajinga ndio waliwao, alipenda kusema, na Vienna haikuwa na upungufu wa chakula hicho.

Msimu wa dansi za kabla ya Kwaresima ulikuwa umewadia, na kila chama cha wafanyabiashara kilitaka kutungiwa walzi yake, muziki wa kuchezwa wawili wawili kwa kuzunguka. Mkahawani, Bwana Hornek, mwenyekiti wa wauza nyama, alikuwa akifoka.

"Waokaji wana walzi yao! Watu wa unga! Sisi tutacheza nini, mlio wa ng'ombe?"

Poldi akasogeza kiti. "Samahani, Bwana Mwenyekiti. Ninayo walzi isiyopata kusikika. Aliitunga nyanya yangu, binti wa ukoo wa kifalme, siku aliponyimwa kuolewa na ampendaye. Ni machozi matupu."

"Ya kifalme?" Hornek akafuta mchuzi kidevuni. "Mke wangu aifungulie dansi? Waokaji wakitazama?"

"Na jina la mkeo liandikwe juu ya karatasi ya muziki."

"Baroni, dansi ya kwanza ikiisha tu, nakujaza mifuko!"

Hornek alikuwa mtu wa kunusa nyama iliyochacha mlango ukiwa umefungwa. Uongo uliokuwa chini ya pua yake hakuusikia hata kidogo.

Tatizo ni kwamba Poldi hakuwa na walzi. Mchana ule akaenda kitongoji cha Nussdorf, kwenye kilabu cha mvinyo ambacho wateja walikuwa bado hawajafika, akamkuta Bibi Wetti anajipigia kinubi. Muziki ulikuwa mtamu ajabu.

"Bibi, niuzie huo."

"Huu? Mwanangu, huu una—"

"Sitaki kujua lolote. Wewe piga, mimi niandike."

"Haya. Basi niachie koti. Ukileta fedha utalichukua."

Poldi alisita, maana bila koti hakuwa kitu. Halafu akaifikiria mifuko ya Hornek, akalivua. Alimhurumia hata bibi wa watu, kwa ushamba wake.

Usiku wa dansi, Bi Resi Hornek akafungua dansi mikononi mwa mumewe. Vinanda vikalia taratibu, Hornek naye akalia. "Masikini binti wa kifalme, aliteseka!" Ndipo ikaingia sehemu ya pili, na huko juu roshanini mhudumu mmoja akaangua kicheko, akaanza kuimba:

*Muuza nyama, kidole chako kizito,*
*kinalala kwenye mizani, kapu langu jepesi!*

Wapishi wakadakia. Waokaji walioalikwa wakasimama mezani, wakaimba kwa sauti zote. Hakuna mjakazi wa vitongoji vya Vienna asiyeujua wimbo ule, na kwa desturi ya mji, ukumbi ukidai muziki urudiwe, bendi inarudia, mwenyekiti apende asipende. Waokaji walidai mpaka wakakaukiwa koo.

Hornek akamwona mkewe anachezesha midomo. "Resi! Na wewe unaujua?"

"Niliuimba kila siku nilipokuwa mjakazi. Tena nikitoka dukani kwako."

Poldi alikuwa ameshafika kwenye theluji, ndani ya kijaketi cha kuazima, meno yakigongana. Akalikimbilia gari lililombeba majira yote ya baridi. "Twende, upesi!"

"Wewe nani? Toka hapo, unatisha farasi."

"Mimi Baroni!"

"Baroni gani hana koti?"

Pembeni ya mlango alisimama Bibi Wetti, aliyekuja kusikiliza wimbo wake ukipigwa na bendi kubwa. Alikuwa amejifunika manyoya mpaka masikioni.

"Bibi! Koti langu!"

"Umeleta fedha?"

Poldi akapapasa mifuko mitupu ya kijaketi. Ngazini, Hornek alikuwa akinguruma jina lake.

"Nilitaka kukwambia kuwa muziki huo una maneno," akasema bibi. "Ukasema hutaki kujua."

Mwenye gari akavua kofia, akainama, akafungua mlango.

"Karibu, Mama Baroni. Nikupeleke wapi?"