Madodoso Ishirini na Moja Yanayonisifu

Jumatatu, 3 Agosti
Profesa karudi. Ni dada yangu, mwaka wa pili chuo kikuu. Jina la Profesa nimempa kwenye daftari hili tu. Kaja na utafiti: stadi za uongozi na mafanikio ya biashara ndogo. Biashara ndogo yenyewe ni duka letu la fotokopi, mbele ya geti la chuo. Mama anakwenda kumuuguza shangazi siku kumi. Atakayeachiwa ufunguo wa duka atamtangaza Jumamosi. Kumtangaza kwa nini? Miaka miwili naipasua ile mashine tumbo na kutoa karatasi zilizokwama. Profesa hajui hata wino unaingilia wapi.

Jumanne, 4 Agosti
Kuna mhadhiri wa kuvaa tai; nimemhudumia mwaka mzima kwa kutikisa kichwa. Leo Profesa kamuuliza habari za nyumbani, naye kacheka mpaka tai ikahama. Mama akaniambia nimtazame mwenzangu anavyoongea na watu. Shuleni nasomeshwa kwa lugha mbili, na kwa zote mbili mimi bubu. Nikatikisa kichwa.

Alhamisi, 6 Agosti
Kisanduku cha Profesa mezani. Wateja wanajaza dodoso: nani hapa ana sifa za kiongozi, na kwa nini? Hadi mchana, sita tu. Mama na Profesa wakaenda kula. Nikajaza moja, mwandiko nimeulaza kushoto: "Yule mdogo wa kwenye mashine. Mkimya, ila ana maono." Maono nimeyatoa kwenye kitabu cha Profesa. Karatasi ikaonekana pweke. Mkono umechoka. Nikaitazama mashine, nayo ikanitazama.
Nakala ishirini.

Ijumaa, 7 Agosti
Profesa kajumlisha. Kisha akamwambia Mama kwa upole kwamba majibu yanakubaliana ajabu: watu ishirini na mmoja wameandika mwandiko mmoja, na wote wamemwaga chai kwenye kona ileile. Chai ilikuwa yangu. Mama akauliza kama kukubaliana ni jambo jema. Profesa akasema jema sana, Mama. Hakunitupia hata jicho. Heri angenichongea.

Jumamosi, 8 Agosti
Mama kamtangaza Profesa. Profesa akaupokea ufunguo, akanivika mimi shingoni palepale. Akasema mashine ikikwama atamwita nani, apewe anayeijua, yeye atasalimia wateja. Mama machozi yakamlenga. Eti huo ndio uongozi, mwanangu. Akimwambia Profesa! Ufunguo kwangu, sifa kwake.
Baadaye Profesa akaninong'oneza kwamba yale madodoso sita ya kweli, manne yalinitaja mimi. Sikuhitaji kuhangaika, mdogo wangu, akasema.
Manne. Nimekosa usingizi nikiwawaza wale wawili waliobaki.

Jumatatu, 10 Agosti
Mama kaondoka jana. Nimefungua duka kwa mkono wangu. Profesa anasalimia, mimi natoa karatasi zilizokwama. Wateja watatu wameniuliza mkubwa wangu yuko wapi. Mhadhiri wa tai kamletea Profesa kitabu.
Mama kasema akirudi atawauliza wateja kwa kisanduku kilekile duka lilikwendaje. Nimelitafakari kosa langu kwa kina, bila kujipendelea, na nimeliona.
Kesho najaza upya. Chai nitanywea nje.