Basilio Anatafuta Kimya

Katika mji mzima wa Palencia hajatokea mtu aliyepiga kelele nyingi kuhusu kimya kama Basilio Quintanilla, muuza mabafu na mabomba!

Alianza mapema, theluji ingali milimani. Kila asubuhi aliingia baa ya Remedios, akaagiza kahawa, akagonga kaunta kama hakimu aliyesahau nyundo nyumbani, kisha akatangaza:

"Majira ya machipuko nakwenda Santiago kwa miguu! Lakini si kwa ile njia yenu!"

Njia yao ni ile ya Wafaransa, njia kuu ya mahujaji waendao Santiago kwenye kaburi la Mtume Yakobo, ambayo nusu ya wateja pale walishaitembea, wengine mara mbili.

"Ile si hija, ni gulio! Watu wanapanga foleni kama siafu walionusa sukari. Usiku unalala na bendi nzima ya wakoromaji, asubuhi unagombea choo. Mtume Yakobo mwenyewe akiiona leo atapanda basi!"

"Na wewe utapita wapi?" aliuliza Remedios. Yeye peke yake ndiye aliyebaki kusikiliza, kwa sababu hakuweza kuondoka. Baa ni yake.

Basilio akakunjua ramani juu ya kaunta, na juu ya kahawa za watu. Njia tulivu zilikuwa tatu. Njia ya Kale, inayotoka Oviedo na kupanda milima. Njia ya Baridi, inayotoka Ponferrada na kupita katika mashamba ya mizabibu. Na Njia ya Fedha, inayotoka kusini kabisa, ambayo yeye angeidandia Zamora.

Kwanza aliangukia Njia ya Kale. "Wafalme walipita huko!" Akaisifu mpaka mate yakamkauka. Kisha akasikia kwamba Wajerumani wameshaigundua, akaitema kama kokwa ya zeituni.

Akahamia Njia ya Baridi. Hiyo nayo ilidumu mpaka daktari wa meno aliposema, kwa upole tu, kwamba yeye na mkewe waliipita mwaka juzi na ilikuwa nzuri sana. Basilio kumfuata daktari wa meno? Thubutu!

"Njia ya Baridi? Hiyo njia ya wajane!" akabadili kauli papo hapo. "Wanakwenda kuchuma maua! Mwanaume anakwenda Njia ya Fedha. Kutwa nzima husikii kitu ila pumzi zako!"

"Tungefurahi sote kusikia pumzi zako," alisema Remedios, "tusisikie kingine."

Nyumbani alikuwako Nieves, mkewe, aliyekuwa akifundisha wazee kuogelea katika bwawa la manispaa. Mabega yake yalikuwa ya mtu anayeweza kumtoa bibi mzima majini kwa mkono mmoja, jambo ambalo Basilio hakuwahi kuliona, kwa kuwa wakati wa kuangalia alikuwa anaongea.

Jioni moja, akimega mkate, Nieves akasema, "Mimi nami ningependa kuja."

Basilio alicheka mpaka supu ya kitunguu saumu ikamwingia puani.

"Wewe? Mke wangu, miguu yako hiyo ni ya kwenda sokoni na kanisani. Halafu elewa, mtu mmoja ni kimya. Wawili ni mkutano!"

Nieves hakujibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini ili uusikie mshindo huo lazima kwanza ufunge mdomo. Basilio akaendelea na supu yake na hotuba yake, vyote kwa pamoja.

Siku ya kuondoka, Nieves alimbusu, akamwambia kwamba atakwenda kukaa kwa dada yake Santander mpaka mumewe atakaporudi.

"Ndiyo, kapumzike," Basilio akasema kwa huruma. "Umechoka wewe."

Hapo alisema kweli bila kujua.

Aliingia njiani Zamora akiwa amejifunga kama mtu anayekwenda kuiteka nchi: kofia pana, fimbo mbili, na shingoni gamba la kombe la baharini, alama ya mahujaji wa Santiago, kubwa kama sahani ya wali. Mbele yake palikuwa na ngano changa mpaka upeo wa macho. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na gari. Akaketi juu ya jiwe, akavuta pumzi.

"Kimya!" akasema.

Hakuna aliyejibu.

"Kimya kitupu!"

Hakuna aliyekubali wala kukataa. Na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Maana kimya, ndugu zangu, ni kama suti mpya. Ina raha gani kama hapana mtu wa kukwambia imekukaa vizuri?

Kufika Tábara alikuwa ameshawasimulia korongo wote juu ya minara ya makanisa. Akamsimulia nyumbu mmoja, nyumbu akageuka akaondoka zake. Akamsimulia bibi mmoja aliyekuwa dirishani, bibi akafunga dirisha. Simu haikushika mawimbi. Maneno yakamjaa kifuani kama maziwa ya ng'ombe asiyekamuliwa. Akaanza kukosa usingizi. Ajabu kubwa: akaanza kuwatamani wakoromaji!

Basi alipokwisha kuiacha Puebla de Sanabria, akipanda mlima kwenye ukungu, mbele yake akaona mgongo. Mgongo wa binadamu! Wenye shanta!

"Ndugu yangu!" alipaza sauti, akakimbia na fimbo zake zote mbili.

Mwenye mgongo alikuwa mzee mwembamba mwenye masharubu meupe. Hakujibu salamu. Alitabasamu tu, akamwonyesha kadi aliyoitundika shingoni. Iliandikwa hivi: *Naitwa Anselmo, natoka Ávila. Nimeweka nadhiri kwa Mtume, kwa ajili ya mke wangu. Sitasema neno mpaka Santiago. Mniwie radhi.*

Basilio akaisoma mara mbili. Machozi yakamlenga. Mungu ni mwema! Amemletea msikilizaji asiyeweza kumkatiza!

Tangu hapo mzee wa watu hakupumua. Basilio alimweleza uzuri wa kimya. Akamweleza aina za kimya. Akamweleza jinsi watu wa siku hizi wasivyojua kunyamaza. Kimya kilipomwishia akaingia kwenye mabomba: kwa nini bomba la shaba ni bora kuliko la chuma, na kwa nini watu wanaonunua la chuma watakuja kulia.

Anselmo akakaza mwendo, Basilio akakaza. Anselmo akajificha kanisani, Basilio akamfuata, akapiga magoti kando yake, akaendelea kwa kunong'ona. Anselmo akaamua kuondoka alfajiri kwa kunyata na viatu mkononi. Akamkuta Basilio mlangoni. Alilala amevaa viatu!

"Nilijua tu hutaniacha," Basilio akamwambia.

Ndivyo walivyovuka milima, wakaingia Galicia na mvua zake, wakaipita Ourense, mmoja akisema na mwingine akikonda.

Asubuhi moja, wametoka Dozón, Basilio akaona njia ya mkato. Anselmo akanyoosha fimbo kuonyesha mshale wa manjano uliochorwa ukutani, unaoelekeza mahujaji.

"Mishale ni ya kondoo, mzee wangu! Nifuate mimi!"

Wakaruka ukuta wa mawe, wakatokea kwenye malisho yenye nyasi za kupendeza. Katikati ya malisho Basilio akasimama, akamgeukia mwenzake, akafungua mikono.

"Sikiliza hapa. Unasikia? Hakuna kitu!"

Anselmo alikuwa anatazama nyuma ya Basilio. Akapunga mkono.

"Hasa! Nawe umeguswa!"

Anselmo akapunga mikono yote miwili. Akaruka. Akaweka vidole viwili kichwani kama pembe, akaparura ardhi kwa mguu.

"Cheza, mzee, cheza! Furaha ya rohoni haifichiki!"

Anselmo akaangalia juu mbinguni, akafanya ishara ya msalaba, akafungua mdomo.

"Fahali! Nyuma yako! Kimbia, mpumbavu wee!"

Unadhani alikimbia? Basilio alisimama, uso umeng'aa. "Kumbe sauti unayo! Tena nzuri!"

Ndipo akasikia mtu anampumulia kisogoni. Akageuka. Hakuwa mtu.

Namna Basilio alivyouruka ule ukuta, hata mbuzi wa milima ya Asturias wangeomba wafundishwe. Mwenyewe akaangukia upande huu, na makalio ya suruali yake yakabaki yakipepea kwenye miiba upande ule. Anselmo alikuwa ameshatangulia. Alikuwa amekaa kwenye matope, ameshika kichwa.

"Umeniokoa!" Basilio akahema.

"Ndiyo! Na ningepata nafasi ya kufikiri kwanza, sijui!" Mzee alikuwa analia. "Mke wangu wamempasua kifua. Nilimwahidi Mtume kitu kimoja tu. Sikuahidi kujenga kanisa, sikuahidi kutembea kwa magoti. Kufunga mdomo! Basi! Tangu Zamora nimeufunga. Nimeumwa na mbwa nikanyamaza! Halafu wewe, na bomba la shaba! Tangu Sanabria, bomba la shaba! Naliota bomba la shaba!"

Na mengine yakafuata, yote aliyoyaweka akiba njia nzima, mengine hayaandikiki. Alipomaliza akainuka, akaenda zake bila kugeuka.

Basilio akatafuta neno la kusema. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, ghala lilikuwa tupu.

Akatembea peke yake kutwa, mkono mmoja nyuma kushikilia heshima yake. Mvua ikamnyeshea. Alimfikiria yule mama wa Ávila na mshono wake kifuani, na kila alipomfikiria, masikio yalimwaka.

Alasiri akaingia Lalín, mji ambako Njia ya Fedha na Njia ya Baridi hukutana. Ramani ilionyesha hivyo waziwazi, lakini Basilio hakuwahi kuisoma mpaka mwisho. Alikuwa na hotuba. Akasikia vicheko kutoka mgahawa wa mama mmoja aitwaye Carmiña, akasukuma mlango.

Meza ndefu imejaa mahujaji, masinia ya dengu, mboga na nyama ya nguruwe yanatoa mvuke. Anselmo yuko katikati, anasimulia kwa mikono yote miwili. Na kando yake, uso umekolea jua, mikono ya shati imekunjwa, ubavu wa nguruwe mkononi, ameketi Nieves!

"Nieves! Santander je?"

"Santander iko palepale."

"Umekuja na basi?"

"Kwa miguu. Njia ya Baridi. Ulisema ni ya wajane, nikasema ngoja nikajaribu."

Meza ikalipuka. Carmiña akamwangalia Basilio juu mpaka chini, akamzunguka akamwangalia na nyuma. "Huyu ndiye Bomba la Shaba?"

"Mnajuana?" Anselmo akamuuliza Nieves kwa mshangao.

"Mzee, mimi nadhiri kama yako nimeishika miaka thelathini nyumbani kwa huyu," Nieves akamjibu. "Tofauti ni kwamba sikuwa na kadi."

Watu wakacheka mpaka wakapigapiga meza. Lakini Anselmo akaacha kucheka katikati, uso ukamporomoka. "Sasa Mtume nitamwambia nini? Nadhiri imevunjika."

Nieves akaweka ule ubavu chini, akafuta vidole.

"Aliyevunja chungu cha mwenzake abebe maji kwa mikono. Kimya kilichobaki mpaka Santiago, huyu atakibeba."

"Mtume atakubali?"

"Mtume alikuwa mvuvi. Mambo ya kupokezana zamu anayajua."

Anselmo akafikiri, kisha taratibu akavua kadi yake. Basilio akaweka mkono kifuani. Ni kweli aliona haya, ni kweli alitaka. Akasimama wima. "Mimi, mbele ya mashahidi hawa, kwa unyenyekevu mkubwa na kwa moyo—"

"Zamu yako imeshaanza," Nieves akasema, akamtundikia kadi.

Njia kutoka Lalín mpaka Santiago si ndefu, lakini kwa Basilio ilipita Urusi kwanza. Karibu na Ponte Ulla hujaji mmoja alilalamika kwamba bomba la jikoni kwake linavuja, na hajui anunue la shaba au la chuma. Basilio akageuka rangi ya biringanya. Akala skafu yake. Mahujaji wote wakamtazama kwa hamu, kama watu wanaotazama sufuria karibu ifurike. Haikufurika.

Na kwa kuwa yeye hakusema, akawa anasikia. Nieves alikuwa anaongea! Alijua vichekesho, tena vingine vya aibu. Alijua kupiga mbinja. Alimsimulia Anselmo kwamba tangu msichana alitamani kutembea mpaka Santiago, kabla hata hajaolewa, na kila mwaka alikuwa akisema mwakani. Basilio akapunguza mwendo kidogo ili wasimwone uso.

Wakafika. Uwanja wa kanisa kuu umejaa miavuli. Wakapanda nyuma ya altare, Anselmo akaikumbatia sanamu ya Mtume, na Basilio nyuma yake, kimya. Walipotoka nje Anselmo akapiga simu Ávila. Mkewe alikuwa amekula supu, amekaa kitako, anamgombeza muuguzi. Mzee akalia tena, safari hii vizuri.

"Basi, Bomba," akamshika Basilio bega. "Umetimiza. Sema sasa!"

Wote wakamzunguka. Hotuba ilikuwa tayari tangu Lalín, ina utangulizi, ina sehemu nne. Basilio akasafisha koo.

Nieves alikuwa anafunga mikanda ya shanta. "Mimi naendelea mpaka Finisterre, nchi inapokwishia," akawaambia wenzake. "Wanasema huko kuna upepo na mbuzi tu."

Hotuba yote ikapotea. Ikabaki sauti iliyokwama kama bomba lenye kutu.

"Nieves. Naweza kuja?"

Nieves akamwangalia. Viatu vimepasuka, suruali imetiwa kiraka cha taulo ya Carmiña.

"Njoo."

Uso wa Basilio ukachanua. Akajaza kifua hewa, akainua mkono, akageukia uwanja mzima wa Santiago na miavuli yake yote.

"Kwa masharti yaleyale," Nieves akasema, akaanza kutembea.