Jinsi ya Kumnyima Dada Hadithi

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Dada amehojiwa redioni. Mimi nilikuwa sakafuni nikimsikiliza huku namvua mwanawe suruali iliyolowa. Mtangazaji akamuuliza anawezaje kuandika vitabu na kulea watoto wawili wadogo. Dada akacheka kile kicheko chake cha wageni, akasema watoto hawamzuii, watoto ndio wanaompa hadithi.

Kumbe! Tangu nimalize shule nimeandika kurasa mbili tu, na nilidhani sina kipaji. Sina watoto!

Jumanne, tarehe 5 Machi
Mhariri wake amepiga simu. Sura ya mwisho iwe tayari Jumamosi, la sivyo nafasi atapewa mwandishi mwingine. Mwandishi mwingine! Nani tena humu ndani ana daftari?

Nimepanga. Nitamnyima watoto. Nikamwambia, kwa sauti yangu ile isiyosikika, kwamba nitakaa nao kutwa nzima. Akauliza nimesema nini. Nikarudia. Akanikumbatia. Maskini, hajui!

Jumatano, tarehe 6 Machi
Tumejifungia chumba cha uani. Bosi (miaka minne, huamrisha kila mtu) ameuliza kama mvua ikinyesha samaki wanalowa. Dhahabu tupu! Nikatafuta kalamu. Mkia (miaka miwili, humfuata kaka yake popote) alikuwa anakorogea uji. Nilipoipata, Bosi alitaka choo. Sasa hivi. Tena haraka.

Mchana Bosi akaanza kumsimulia mama yake habari za samaki. Nikamjaza mkate mdomoni.

Alhamisi, tarehe 7 Machi
Sijaandika neno. Nimefua mara tatu. Bosi amenitangazia kwamba mimi ni mama wa kuazima. Nikakimbilia daftari. Mkia alishalichora, jalada hadi jalada, pamoja na zile kurasa zangu mbili.

Chumbani kwa Dada kompyuta inalia taka-taka-taka. Nadhani anamwandikia mhariri kuomba radhi.

Ijumaa, tarehe 8 Machi
Taka-taka haijakoma. Barua ndefu hiyo. Nikachungulia mlangoni. Dada amechana nywele. Anakunywa chai ya moto. Ya moto! Mimi ya asubuhi nimeinywa saa kumi alasiri, ina kiatu cha mwanasesere ndani.

Jumamosi, tarehe 9 Machi
Mhariri amekuja. Sura ya mwisho ipo. Na sura mbili za kitabu kijacho! Dada akatokwa machozi mbele yake, akasema tangu azae hajawahi kupata siku tatu za utulivu, na yote ni kwa wema wa mdogo wake.

Mhariri akanigeukia, akaniuliza kama nami naandika. Nikafungua mdomo. Bosi akawahi: mama mdogo haandiki, anafua. Wakacheka wote, hata Mkia, ambaye hakuelewa chochote. Nikaenda kusimama nyuma ya pazia, nikijifanya nalirekebisha.

Jumapili, tarehe 10 Machi
Nimewaza sana huku naanika nguo. Kosa nimeliona. Siku tatu ni chache! Dada alikuwa bado amejaa maneno ya watoto ya miezi iliyopita, ndiyo aliyoyamwaga. Yakiisha, amekwisha.

Nimemwambia nitakaa nao hadi mwisho wa mwezi ujao. Amenibusu mashavu yote mawili, akakimbilia mezani kwake akiimba.

Aimbe tu.