Sarafu ya Kirumi Katikati ya Uwanja wa Kinondo

Jamani, nimetoka kuaibika sasa hivi, mbele ya umati, tena nikiwa na filimbi shingoni. Nimejifungia chumbani naandika. Nawaambia mwenyewe kabla hamjaletewa na watu wa Kombani, maana wao watatia chumvi, na kisa hiki chumvi kinayo tayari.

Wanaonijua wanaujua ugonjwa wangu. Nakusanya sarafu za Warumi wa kale. Ulianza pale mzee mmoja Mtaliano, mgeni wa hoteli ya Diani ninakofua mashuka, aliponiachia sarafu kadhaa za shaba kama bakshishi (wenzangu waliachiwa pesa zinazonunua unga). Upande mmoja huwa na kichwa cha mfalme, upande wa pili mungu fulani wa Warumi, na raha yote iko hapo, kumtambua huyo mungu ni nani. Ameshika radi, huyo Jupita. Kofia ya chuma na mkuki, huyo Minerva. Lakini kuna mmoja alinitesa miezi. Mwanamke amesimama, ameshika kitu ambacho mke wangu, Mwanakombo, alishikilia kuwa ni mwiko wa ugali na si kinginecho. Jana nikamtambua. Si mwiko, ni usukani. Ni Fortuna, mungu wa kike wa bahati, anayeziendesha bahati za watu kama nahodha. Nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka ua.

Taabu ni kwamba mama mkwe amekuja kututembelea. Mkwe wangu ni mtu wa heshima za zamani. Mimi hanisemeshi moja kwa moja, kila neno langu hupitia kwa binti yake. Na neno lililopitia jana lilikuwa hili: yeye halali chumba kimoja na masanamu. Akabeba mto wake, akaenda kulala kwa jirani. Kwa jirani, wakati mimi mwenye nyumba nipo!

Mwanakombo hakupandisha sauti. "Baba Athumani," akaniambia, "hizo sarafu zitoke, ama mama arudi kwao Msambweni, na mimi nimsindikize." Na Mwanakombo akimsindikiza mama yake huwa hana haraka ya kurudi.

Nikakata shauri. Sarafu hazitoki. Watu wanaziogopa kwa sababu hawajaelezwa. Nikamwomba mke wangu anipe siku ya leo tu, niwaonyeshe watu hadharani kwamba hii ni elimu kama elimu nyingine. Siziabudu, nazisoma. Watu wakielewa, zibaki. Wasipoelewa, nitazitoa kwa mikono yangu. Akakubali upesi mno (hapo ningeshtuka).

Sasa leo ilikuwa fainali, Mkongani na Kombani, kwenye uwanja wetu wa Kinondo, na refa ni mimi. Hadhara gani iliyo kubwa kuliko hiyo? Nikapanga kurusha Fortuna manahodha wachague goli, kisha niseme maneno mawili ya elimu, watu wapige makofi, mkwe arudishe mto.

Nikajiandaa vizuri. Shaba ya zamani haitaki kukwaruzwa, kwa hiyo sarafu zote nikazifunga kwenye kitambaa, na kitambaa nilichokipata kilikuwa chekundu. Shaba pia hutaka mafuta kidogo, kwa hiyo nikazipaka mafuta ya nazi. Fundo lisilegee, nikalizungushia uzi, na uzi uliokuwepo ulikuwa mweusi. Nikatia mfukoni. Ninyi mliozaliwa Kwale mmeshajua tunakokwenda. Mimi pia nimezaliwa Kwale, na sikujua.

Manahodha wakaja katikati. Ndaro wa Mkongani akachagua kichwa. Otieno wa Kombani, kijana wa bara anayefanya kazi Ukunda, akabaki na upande wa pili. Nikarusha. Fortuna akalala chali na usukani wake. Nikampa Otieno ushindi.

Ndaro akainama akaichungulia sarafu. "Refa, huyu naye ana kichwa."

Kweli anacho. Nikamweleza kwamba kichwa kinachohesabika ni cha mfalme, hiki cha pili kimekuja na mwili wake. Otieno naye akainama, ingawa alikuwa ameshashinda. "Sasa refa, huyu ni nani?"

Hapo ningesema ni mama mmoja wa Kirumi anasonga ugali, na sasa hivi ningekuwa nakunywa chai. Lakini nilikuwa na azma yangu. Nikainua sauti ili mashabiki nao wasikie. "Huyu ni mungu wa bahati. Bahati ya mtu huigeuza akaipeleka anakotaka yeye."

Uwanja ukanyamaza. (Nikadhani ni usikivu.)

Mzee Rashidi, kocha wa Mkongani, akaingia uwanjani bila ruhusa, akaniuliza mfukoni kumevimba nini. Nami, kusudi nionyeshe sina cha kuficha, nikakitoa. Kifurushi chekundu, kinang'aa mafuta, kimefungwa uzi mweusi. Sijapata kuona timu mbili zikiafikiana kwa kasi ile. Wote mbio! Kipa wa Kombani alilipita goli lake akaendelea. Mtu akapaza sauti kuwa refa ameingia na hirizi. Nikapuliza filimbi watu watulie, na kila nilipopuliza wakazidi kutawanyika, kumbe wanaona nawaita wachawi wenzangu. Nikafungua kifurushi waone ni sarafu tu. Vikaonekana vichwa vingi vidogo vimepakwa mafuta.

Mzee Rashidi akasema mechi haichezwi mpaka uwanja usomewe dua, na kabla ya hapo niirudishe bahati ya Mkongani niliyoigeuza. Nikamuuliza nitairudishaje. Akasema mwenye kujua ni mimi. Watu wakaanza kurudi na kunizunguka, na nyuso zao hazikuwa za mchezo. Niliogopa, sitawaficha.

Ndipo umati ukaachana, akapita mama mkwe na leso zake. Mtu ambaye tangu nimuoe binti yake sijamsikia akinitaja. Akasimama baina yangu na kocha.

"Mwacheni," akasema. "Huyu si mchawi. Mchawi ni mtu mwenye akili."

(Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumshukuru.)

Akaendelea kwa utulivu, kama shahidi. Kwamba vijisanamu hivyo ninalala navyo miaka, na paa langu linavuja. Kwamba mahindi yangu yameliwa na tumbili, na kuku wangu wanaibwa mchana. "Vingekuwa na nguvu," akamuuliza mzee Rashidi, "si vingemsaidia?"

Mzee Rashidi akanitazama kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka usoni. Akafikiri. Akakubali. Uwanja mzima ukakubali! Hakuna hata mmoja aliyesema, mama, usimseme hivyo mkweo. Kisha kicheko kikaanza kwa Otieno, kikazunguka uwanja wote, na nilipogeuka kumtafuta Mwanakombo anitetee, alikuwa amejifunika leso usoni, mabega yanamtikisika.

Goli likachaguliwa kwa kigae kilichotemewa mate upande mmoja. Mechi nimeichezesha mwenyewe hadi mwisho, sikumwachia mtu filimbi, ingawa kila faulo niliyotoa niliulizwa kama nimeiona mimi au ameiona Fortuna. Mkongani wameshinda, wale wale niliowaharibia bahati.

Nimerudi nyumbani nimekuta mto wa mkwe umerudi, uko pale pale ninapoweka sarafu zangu. Amerejea kwenye heshima zake, kwa hiyo nimeambiwa na Mwanakombo: mama hawezi kuogopa vitu alivyovitolea ushahidi mwenyewe kuwa havina faida.

Basi azma yangu imetimia, sarafu hazikutoka. Iliyotoka ni heshima yangu, na leo sijui italala kwa jirani gani.